Maiti ya Firauni Iliyotuchekesha

Ahadi ni deni, na deni nililokuwa nalo kwa wanafunzi wa chama chetu cha historia muhula uliopita nililipa kwa sarafu bandia. Kwa wiki tatu tulikuwa tumezama katika habari za Misri ya kale, nami nikawaahidi kwamba Jumamosi tungetazama filamu ya kutisha kuhusu mumia, yaani maiti iliyokaushwa na kuviringishwa sanda. Wakaja wapatao 40, wengine wamejitanda mashuka tayari kwa hofu. Baada ya saa moja na ushei walitoka ukumbini wakijishika mbavu kwa kicheko. Mimi nilibaki nikikunja nyaya za projekta kwa fedheha.

Kosa lilikuwa langu. Utotoni nilikuwa nimeiona The Mummy ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Karl Freund, ambamo Boris Karloff aliigiza kuhani Imhotep. Humo maiti yenye sanda huonekana kwa dakika chache tu za mwanzo, lakini usiku ule sikupata lepe la usingizi. Kwa hiyo nilipopata sahani ya The Mummy's Hand ya mwaka 1940, kazi ya kampuni ile ile ya Universal, nikadhani mtoto amefuata nyayo za mzazi. Sikuitazama kwanza. Walimu wenzangu, msiniige katika hilo.

Filamu hiyo ya dakika 67 ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na ufukara wake hauna stara. Hekalu ambamo mumia amefichwa lilikuwa limejengwa kwa ajili ya Green Hell, kisa cha misitu ya Amerika Kusini. Basi Misri ikapewa nyumba isiyokuwa yake. Muziki mwingi ulikopwa kutoka Son of Frankenstein ya mwaka 1939. Isitoshe, panaposimuliwa jinsi Kharis, ambaye ndiye mumia mwenyewe, alivyozikwa hai, watengenezaji walichukua vipande vya filamu ya 1932, wakachomeka uso wa mwigizaji wao Tom Tyler katika picha za karibu, na kumwacha Karloff katika picha za mbali. Mvulana mmoja wa safu ya nyuma akang'amua. "Mwalimu, mbona huyu anabadilika maungo?" Hapo ndipo kicheko kilipoanza.

Karibu nusu ya filamu hupita katika mizaha ya Wamarekani wawili wachimbaji wa mambo ya kale na mchezaji mazingaombwe mmoja, kabla mumia hajatikisika. Anapoamka, kwa mchuzi wa majani ya mmea uitwao tana, usioota popote ila katika sinema, anatembea akiburura mguu huku mkono mmoja umekunjwa. Hata hivyo kila amfuataye humpata! Wanariadha wangu walishindwa kabisa kuelewa kwa nini mtu mwenye miguu miwili mizima asitimue mbio. Nitende haki lakini: katika picha kadhaa macho ya Kharis yametiwa weusi mtupu, na kwa nukta chache hizo ukumbi ulinyamaza.

Umaskini pekee nisingeulaumu. Katika tamasha za drama za shule zetu nimeona gunia likigeuka joho la mfalme, na ukumbi mzima ukaingiwa na baridi. Kilichonikatisha tamaa ni kwamba Wamisri wa kisa hiki ni kuhani mwovu, aliyeigizwa na Mwingereza George Zucco, na pamoja naye ombaomba na vibarua. Kharis mwenyewe amekatwa ulimi. Wageni ndio wanaochimba na kushangiliwa, na mwishoni wanarejea Marekani wamemchukua binti mfalme Ananka, maiti yake na hazina zake, nasi twatarajiwa kufurahi.

Msichana mmoja mkimya, ambaye hakuwa amecheka sana, akauliza, "Mwalimu, huyo binti mfalme walimwomba nani ruhusa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jumatatu tulilianza somo upya, na tulianzia nyumbani, kwa neno mumiani. Wazee wa pwani waliwatisha watoto kwa watu wa mumiani, wanyonya damu wa usiku; na katika kamusi mumiani ni dawa nyeusi mfano wa lami. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya lami, na ndilo lililozaa jina la maiti hizi. Wazungu kwa karne nyingi walisaga mumia wa Misri na kuuza unga wake katika maduka ya dawa. Nani basi aliyekuwa akimla nani?

Wanafunzi walistaajabu zaidi walipojua kwamba chumvi iliyokaushia maiti hizo ni ya jamii moja na magadi tunayotia katika mboga. Kazi nzima ilichukua siku 70. Maini, mapafu, tumbo na matumbo vilitolewa na kuhifadhiwa, ila moyo uliachwa mahali pake, kwa kuwa ungepimwa kwenye mizani ya ahera. Ama Imhotep wa kweli, hakuwa jini la sinema: alikuwa waziri wa mfalme Djoser, na ndiye anayehesabiwa msanifu wa piramidi ya ngazi kule Saqqara.

Ipo filamu ambayo ningaliwaonyesha tangu awali. Ni Al-Mummia ya mwaka 1969, ya Mmisri Shadi Abdel Salam. Kisa chake chatokana na maficho ya maiti za wafalme yaliyofichuliwa karibu na Luxor mwaka 1881. Kijana Wanis, baada ya kumzika baba yake, anaambiwa siri ya ukoo: chakula walichokula miaka yote kilinunuliwa kwa mali iliyoporwa kutoka kwa wafu. Hakuna maiti inayotembea. Yapo majeneza yanayobebwa alfajiri kuelekea mtoni, na watu wanaoyatazama wakiwa kimya.

Nimepata nakala yake, na safari hii nimeitazama kwanza, mara mbili. Yule msichana ameniuliza kama ndani yake kuna yeyote anayeomba ruhusa. Nimemwambia aje Jumamosi, na asisahau kalamu.