Paka Anapoiacha Sahani Yake

Sonona ya paka haianzi kwa kilio. Mara nyingi huanza kwenye sahani: dagaa waliowekwa asubuhi wanakutwa jioni vilevile, wamekauka, sisimizi wamewatangulia. Mwenyewe yuko uvunguni mwa kitanda, na akiitwa hugeuza sikio moja tu.

Jina la sonona limeazimwa kutoka tiba ya binadamu. Mtu huulizwa anavyojisikia. Paka haulizwi, hivyo daktari wa mifugo hutazama mwenendo uliobadilika. Kipimo ni mazoea ya paka huyohuyo, si ya paka wa jirani. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, kwa hiyo usingizi peke yake si ushahidi. Cha kutiliwa shaka ni aliyezoea kupokea watu mlangoni kuacha kutoka, au aliyekuwa mkimya kulia usiku kucha. Manyoya nayo husema. Yakisimama na kushikana mgongoni, ujue kujilamba kumeachwa. Wengine hufanya kinyume: hujilamba tumbo na mapaja hadi ngozi ikabaki wazi.

Lakini kabla ya kuitwa huzuni, hali hiyo itafutiwe ugonjwa. Paka ni bingwa wa kuficha maumivu, na jino bovu, figo zilizochoka au viungo vinavyouma humfanya ajitenge vivyo hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa kwa kumtazama paka: masikio, macho, mdomo, sharubu na jinsi anavyobeba kichwa. Masikio yakigeukia nje, macho yakifinywa na kichwa kikishuka chini ya mabega, kuna kinachouma. Na dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo hana huzuni yoyote. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Huyo hangojewi hadi kesho.

Kususa chakula nako kuna mpaka wake. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili, nayo hujazana kwenye ini hadi likashindwa kazi. Kauli ya “njaa ikimbana atakula”, inayosikika katika nyumba nyingi, imeua paka.

Ugonjwa ukikosekana, chanzo hutafutwa nyumbani. Kifo cha paka mwenzake, mtoto mchanga, paka mgeni, au kusafiri kwa yule aliyekuwa akimlisha, vyote humtikisa. Kuhama pengine ndiko kuzito zaidi, maana paka huijua nyumba kwa harufu aliyoipaka mwenyewe kwa kusugua mashavu kwenye miguu ya viti na pembe za kuta. Katika nyumba mpya harufu hiyo haipo. Ndiyo maana huanzishiwa chumba kimoja, chenye kitambaa chake cha zamani ambacho hakijafuliwa na boksi la kujifichia. Havutwi kutoka humo, wala hachapwi akikojoa pasipotakiwa.

Chakula kiwekwe kwa saa zilezile, kikipashwa moto kidogo ili harufu ipande. Mchuzi wa nyumbani haufai: vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Dakika chache za kamba inayoburutwa sakafuni jioni huamsha mwindaji aliyelala. Kumletea paka mwingine wa kumliwaza haraka ni pupa. Mara nyingi huongeza ugomvi. Zipo dawa za sonona, kama fluoksetini, ambazo daktari wa mifugo huzipimia paka. Vidonge vya kabatini visiguswe. Kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua.

Nafuu huja kwa kunyata. Kwanza sahani hukutwa imepungua alfajiri, bila aliyemwona akila. Siku kadhaa baadaye huonekana sebuleni, amekaa mbali, akijilamba mguu.