Kuutambua Mkorosho Kabla Haujazaa

Katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, korosho zilizokaangwa huuzwa katika vifuko vidogo. Mnunuzi hutazama weupe na ukubwa wake. Hawezi kujua kama mti uliozizaa ulistahimili maradhi kwa nguvu zake wenyewe au ulinusurika kwa unga wa salfa. Hata mkulima aliyeupanda kwa mbegu hakulijua hilo siku ya kuupanda.

Mkorosho, ambao Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, huchavushwa na wadudu, na mara nyingi chavua hutoka mti mwingine. Kwa hiyo mbegu za mti mmoja hutoa watoto wasiofanana. Kubebesha miche huondoa tatizo hilo, kwani kikonyo hubaki na urithi wa mama yake. Lakini kubebesha hakuzalishi aina mpya. Atakaye aina mpya hana budi kuchanganya wazazi wawili, kupanda mbegu, kisha kungoja miaka mitatu hivi mpaka maua na matunda yaonekane.

Kungoja huko kuna gharama. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei duni na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mashamba yao vilichangia sana, na si haki kuutwika ugonjwa lawama yote. Hata hivyo ubwiriunga, ukungu mweupe ushambuliao majani machanga na maua, uliwanyima mavuno hata wale waliobaki mashambani.

Hapa ndipo alama za kijenetiki zinapohitajika. Alama ni kipande cha DNA kinachotofautiana baina ya wazazi na kinachoweza kusomwa katika jani la mche mchanga. Si lazima kiwe ndiyo jeni ya ustahimilivu. Yatosha kiwe jirani yake katika kromosomu. Watoto wa wazazi hao huchunguzwa mmoja mmoja. Ikiwa alama na sifa hutengana katika watoto 2 kati ya 100, vipo karibu sana; zikitengana katika 50 kati ya 100, alama hiyo haisaidii kitu. Kwa kuhesabu hivyo, alama baada ya alama, ramani huchorwa.

Mwaka 2001 Mneney na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia alama za DNA kupima tofauti za urithi ndani ya makundi ya mikorosho na baina yake. Ramani za kwanza za mkorosho, za Cavalcanti na Wilkinson, zilitoka mwaka 2007, kutokana na uzao wa mkorosho mfupi na mrefu wa Brazili.

Ramani peke yake haitoshi. Huko Marekani, ukungu uliogunduliwa New York mwaka 1904 uliangamiza mabilioni ya miti ya chesinati. Uchunguzi wa mwaka 1997 ulionyesha sehemu tatu za urithi wa chesinati ya Kichina zinazohusika na ustahimilivu, na matumaini yakawa makubwa. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa ustahimilivu huo hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kama ubwiriunga nao uko hivyo, alama moja au mbili hazitamtosha mtafiti wa korosho. Atahitaji mamia, na mashamba ya majaribio ya kuzithibitisha, huku mkulima wa Mtwara akiendelea kutumia salfa kila msimu.