"Malaika" kamtajirisha nani?

Wiki hii nimeshuhudia hapa Geita ubishi ambao nusura uvunje meza.

Ilikuwa Jumamosi jioni, baa imejaa wachimbaji. Mara ukapigwa wimbo wa "Malaika". Mshikaji wangu mmoja, kijana wa duarani ambaye huu mwaka wa pili anasaka ng'ombe wa mahari, akaweka chupa chini, kimya. Si unaujua wimbo wenyewe? Kijana anampenda binti, lakini mfuko umetoboka. Ukipigwa Geita, nusu ya baa inajiona imeimbwa yenyewe.

Basi ikaulizwa: wimbo wa nani huu? Mmoja akasema wa Miriam Makeba. Mwingine akaapa kwa jina la mama yake kuwa ni wa Boney M. Jamani! Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965. Boney M wakautoa 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi 1991. Wote hao ni waimbaji tu, hawakuutunga.

Aliyeurekodi Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni Fadhili William, Mtaita wa Kenya, na ndiye aliyejulikana duniani kama mtunzi. Lakini hapa Bongo alikuwepo mzee Adam Salim, aliyedai kwamba wimbo ni wake. Kwa maelezo yake, aliutunga miaka ya 1940 kwa ajili ya binti aliyemkosa, maana wazazi walimwoza mwanaume mwenye mali. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Haya, Fadhili alitajirika? Wapi! Dunia nzima iliucheza wimbo, yeye akaishi Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki Nairobi Februari 2001. Utajiri wa kulingana na wimbo ule haukuonekana.

Usifikiri huo ni mkosi wa Waafrika peke yao. Marekani alikuwepo Stephen Foster, aliyezaliwa 1826. Wimbo wake "Oh! Susanna" ulitoka 1848, na mwaka uliofuata watu walipokimbilia dhahabu California, wachimbaji waliuimba njia nzima. Wachapishaji kibao waliuchapa na kuuza, yeye akaambulia kidogo sana. Alikufa New York Januari 1864, ana miaka 37, na kwenye pochi yake zilikutwa senti 38. Senti, siyo dola!

Nilipowasimulia hayo, yule mshikaji wa duarani akacheka. "Wewe, hao watu waliingia shimoni bila kupatana."

Nikaduwaa. Kweli bwana! Huku Geita, kabla jiwe halijapanda juu, kila mtu anajua fungu lake: mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, wachimbaji wana yao. Ugomvi upo, wizi upo, lakini mapatano yanatangulia. Sisi wa nyimbo tunapandisha jiwe kwanza, mapatano tunayakumbuka likishauzwa.

Na mimi ni mmoja wao. Mwaka jana nilimpa mwanamuziki mmoja kiitikio changu. Malipo yakawa chipsi na soda, na tukacheka sana. Leo kila bodaboda ninayopanda inakipiga kiitikio hicho. Nikisema ni changu, dereva ananiangalia kama mgonjwa. Sina karatasi, sina shahidi, na chipsi zenyewe zilishaliwa.

Mzee Salim angeweza kusema zama zake hakukuwa na pa kwenda. Mimi nitasema nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA ipo kwa ajili ya kuandikisha kazi zetu. Jumatatu nimenunua daftari. Kila wimbo naandika jina, tarehe, na nani tumepatana naye nini. Kabla ya kumwimbia mtu yeyote, saini kwanza.

Ewe unayetunga huko Katoro, Kahama au Shinyanga mjini, kipaji chako ni duara. Patana kwanza, ndipo ushuke.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na mshikaji wangu akipata ng'ombe wake, kwenye harusi "Malaika" nauimba mwenyewe!