Kilomita za Hisani na Njia ya Kutoka Koboko

Mbio za hisani, yaani mbio au matembezi ambayo mshiriki hulipa ada mwenyewe, au huahidiwa fedha na jamaa na marafiki kwa sharti la kumaliza masafa fulani, kwa kawaida husifiwa kama tendo la huruma, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kwa mtazamo wa sayansi zina jambo jingine linalostahili kuchunguzwa, nalo ni kwamba ndani yake umbali hugeuzwa kuwa fedha. Kilomita ambayo miguu imeipita huuzwa, na mnunuzi hapati chochote mkononi isipokuwa uhakika kwamba kuna mtu aliyetoka jasho kwa ajili ya mgonjwa. Katika West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, biashara hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu huko umbali ni sehemu ya ugonjwa: kati ya mtoto wa Koboko mwenye saratani na dawa inayoweza kumponya kuna barabara ndefu, na saratani ya watoto iliyolifanya eneo hilo lijulikane na watafiti wa dunia nzima haisubiri.

Mwili wa binadamu umejaliwa kwenda mbali. Mwaka 2004, katika jarida la Nature, wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman walikusanya hoja kwamba kano ndefu ya kisigino, misuli mikubwa ya makalio, kano ya kisogo inayozuia kichwa kisitikisike, na ngozi yenye manyoya haba na mamilioni ya tezi za jasho ni alama za kiumbe ambaye mababu zake walikimbia masafa marefu juani. Gharama ya kukimbia ni rahisi kukadiria, kwa kuwa mkimbiaji hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Hivyo mtu wa kilo 60 anayekimbia nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21 na kidogo, huunguza kilokalori zipatazo 1,260. Katika hizo ni karibu robo tu inayogeuka kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki huwa joto linalopaswa kutolewa mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580, kwa hiyo mkimbiaji huyo angehitaji zaidi ya lita moja na nusu ya jasho kama joto lote lingetoka kwa njia hiyo pekee. Hii ndiyo sababu mbio za Arua, mji mkubwa wa West Nile, kama za mji wowote wa joto, hufaa kuanza alfajiri, na pia ndiyo sababu maji yanayogawiwa njiani ni sehemu ya kazi yenyewe ya hisani.

Swali gumu zaidi ni kwa nini mateso haya ya hiari huwafanya watu wengine watoe fedha, ilhali wangeweza kutoa bila mtu yeyote kuchoka. Mwaka 2013 Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha utafiti kuhusu jambo waliloliita athari ya ushahidi wa mateso, wakionyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa shughuli ya hisani inayodai taabu, kama mbio, kuliko kwa ile ya starehe, kama mlo wa pamoja bustanini, kwa sababu taabu huupa mchango maana. Kwa kipimo cha uchumi mtupu matokeo hayo hayana mantiki, kwa kuwa mtu anayetafuta faida angechagua njia nyepesi; lakini mtu yeyote aliyekulia katika jamii ambamo rambirambi hupelekwa kwa miguu atayaelewa bila kufundishwa. Watafiti wengine, Sarah Smith, Frank Windmeijer na Edmund Wright, walichunguza kurasa za michango ya wakimbiaji wa London Marathon ya mwaka 2010 na kukuta kwamba mtoaji hutazama kwanza waliomtangulia wametoa kiasi gani: waliotangulia wakitoa kikubwa, naye hupandisha chake, na wakitoa kidogo, hushusha. Huko ndiko kuchangiana kwa harambee, ambako Afrika Mashariki ilikujua zamani bila jedwali la takwimu, kwani mwendesha harambee hodari husoma kwanza jina la aliyetoa nyingi.

Uganda ina mbio za namna hii zilizokomaa. Kampala imekuwa na marathoni ya kila mwaka inayochangia huduma za jamii tangu mwaka 2004. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zimekusanya maelfu ya watu kwa ajili ya fistula, selimundu na UKIMWI kwa zamu. Na tangu mwaka 2012 vilabu vya Rotari vimeandaa mbio za saratani zinazofanyika siku moja Kampala na katika miji mingine ya nchi. Mbio hizo za Rotari zilianza kwa lengo la kujenga wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, kisha zikaelekezwa kwenye vyumba vya zege nene vinavyohitajika ili mashine za tiba ya mionzi zifanye kazi bila kuwadhuru walio nje. Umuhimu wa vyumba hivyo ulionekana wazi mwaka 2016, pale mashine pekee ya mionzi iliyokuwapo nchini, iliyokuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika kabisa, na wagonjwa wa nchi nzima wakabaki bila tiba hiyo ndani ya mipaka yao hadi mashine nyingine ilipofungwa. Tofauti moja na Ulaya inafaa kutajwa: huko mkimbiaji hukusanya ahadi za watu wake, ilhali Uganda mshiriki kwa kawaida hununua fulana, na kampuni hulipia gharama nyingine. Njia ya fulana huleta umati mkubwa na furaha ya mji mzima. Njia ya ahadi humlazimu kila mkimbiaji kumweleza shangazi, mjomba na mwenzake wa kazini ugonjwa ule ni nini, na kwa saratani inayohitaji kutambuliwa mapema maelezo hayo yana thamani ambayo fulana peke yake haiwezi kuifikia.

Saratani yenyewe inayoihusu West Nile huitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli B, yaani zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, na mara nyingi hujitokeza kwa mtoto kama uvimbe wa taya unaolegeza meno, au kama uvimbe wa tumbo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliieleza katika makala ya mwaka 1958, na baada ya kuwaandikia madaktari wa hospitali nyingi aliona kwamba wagonjwa wamekaa katika ukanda mpana katikati ya Afrika. Ili kujua ukanda huo unaishia wapi, mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu akiwa na madaktari wenzake wawili, Clifford Nelson na Ted Williams, wakaenda hadi kusini mwa bara na kurudi, wiki kumi, karibu kilomita 16,000, wakizuru hospitali zaidi ya hamsini, na gharama yote haikufika pauni 700, zilizotoka kwenye misaada midogo midogo. Matembezi ya hisani na safari ya utafiti ni vitu tofauti, lakini hapa vinakaribiana sana, kwa kuwa fedha ndogo za watu wenye imani ziligeuzwa kuwa kilomita, na kilomita zikageuzwa kuwa elimu ambayo maabara zenye utajiri hazikuwa nayo.

Ted Williams, aliyechaguliwa pia kwa ufundi wake wa magari, alikuwa daktari wa Kuluva, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1941 kilomita chache kusini mwa Arua. Ramani iliyotokana na safari ile ilionyesha kwamba ugonjwa hupungua mahali palipo juu ya mita 1,500 hivi na mahali pakavu au penye baridi, na mtaalamu wa wadudu Alexander Haddow wa Entebbe aliutambua mpaka huo kuwa ni mpaka wa joto na mvua, mambo yale yale yanayoamua mbu ataishi wapi. Arua na Koboko, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, zimo ndani ya mpaka. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kwa hadubini ya elektroni kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe kutoka Uganda, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kinachoitwa hadi leo Epstein-Barr.

Hata hivyo kukikuta kirusi ndani ya uvimbe si kuthibitisha kwamba ndicho kilichousababisha, hasa kwa kuwa kirusi hiki huishi kimya ndani ya watu walio wengi duniani. Uthibitisho ulitafutwa West Nile. Kati ya mwaka 1972 na 1974 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Guy de-Thé lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa eneo hilo waliokuwa wazima, likaihifadhi, likasubiri. Na ilipofika mwaka 1978 liliripoti watoto 14 waliougua, likionyesha kwamba waliokuwa na kingamwili nyingi kupita kiasi dhidi ya kirusi hicho, miezi na miaka kabla ya uvimbe kutokea, walikuwa katika hatari kubwa mara 30 hivi kuliko wenzao. Picha iliyokubalika tangu hapo ni ya wabaya wawili wanaosaidiana: malaria inayomrudia mtoto huzichochea seli B zijigawe ovyo, kirusi huzifanya seli zilizoharibika zisife, na katika vurugu hiyo kipande cha kromosomu hukatika na kuhamia pasipo pake, kikiiweka jeni ya ukuaji iitwayo MYC chini ya swichi isiyozimika. Watoto wa kizazi kile wa Arua, Maracha, Koboko na vijiji vya jirani walitoa damu yao ili dunia ielewe saratani, nao hawakuombwa fulana wala ada. Deni hilo, kwa maoni ya makala haya, bado halijalipwa.

Uharaka wa ugonjwa ndio kiini cha hoja. Seli za limfoma ya Burkitt zinaweza kujigawa na kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na ingawa nyingi hufa njiani, hivyo uvimbe hauongezeki kwa kasi yote hiyo, wazazi huweza kuona tofauti kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa dawa zinazoua seli zinazojigawa, kama saiklofosfamidi, huweza kuuyeyusha uvimbe kwa siku chache, na watoto wengi hupona wakianza mapema na kumaliza duru zote. Kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza duniani kuthibitisha hayo. Tiba ya mionzi ina nafasi ndogo sana hapa. Vyumba vya zege vya Nsambya vitamsaidia zaidi mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, naye anastahili, lakini mtoto wa taya lililovimba anahitaji kutambuliwa, kusafirishwa, kulala mahali salama na mzazi wake, na kurudi duru baada ya duru.

Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita 55 hivi, na kutoka Arua hadi Kampala, kwa kuvuka Mto Nile huko Pakwach na kupita Karuma, ni karibu kilomita 500 nyingine. Hospitali ya Lacor, Gulu, ambayo ina uzoefu wa miaka mingi na ugonjwa huu, iko karibu zaidi, lakini nayo haifikiki kwa nauli ya mkulima wa muhogo pasipo kuuza mbuzi. Mtoto atakayetakiwa kwenda Kampala na kurudi mara sita atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 6,000. Mwaka 1980 kijana Terry Fox, aliyepoteza mguu kwa saratani, alikimbia kwa mguu mmoja wa bandia kilomita 5,373 kuvuka Kanada akichangisha fedha za utafiti, mpaka ugonjwa uliporudi mapafuni na kumsimamisha, na mbio zinazoitwa kwa jina lake zinaendelea katika nchi nyingi. Watu wengi walimwona kwenye televisheni. Mtoto wa Koboko hupita masafa marefu kuliko hayo, amelala juu ya magoti ya mama yake ndani ya basi la usiku, na hakuna aliyesimama kando ya barabara kumpigia makofi.

Kwa hiyo mbio za hisani za Arua zingeweza kuhesabiwa kwa namna iliyo ya haki zaidi kwa mahali hapo: kila kilomita inayokimbiwa iahidiwe kuwa nauli ya kilomita kadhaa kwa mgonjwa mmoja, ahadi iandikwe pale mkimbiaji anapojiandikisha, na baada ya mbio itangazwe hadharani ni safari ngapi zilizolipwa na ngapi zilikamilisha tiba. Barabara ya lami inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, ingefaa sana kwa matembezi ya siku nne au tano, kituo hadi kituo, kila kituo kikiwa mahali pa kuwaeleza wazazi, walimu wa shule za msingi na waganga wa kienyeji namna ya kulitazama taya la mtoto na fizi zake. Jino lililolegea la mtoto wa miaka sita ni jambo la kawaida. Meno matatu yaliyolegea upande mmoja, na shavu limejaa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.