Kiti cha Mwaka Mmoja

 Wengi wenu mmepata kuchaguliwa kuongoza watu, ijapokuwa ni watu wachache tu: kamati ya shule, chama cha kuzikana, au kikundi cha akina mama wa shamba moja. Na wengine ambao hawajachaguliwa bado, siku yao yaja. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaandikie habari za mwaka wangu mmoja wa uenyekiti katika chama cha huduma cha mji wetu mdogo. Siandiki kwa kujisifu. Mtaona wenyewe ya kuwa sehemu kubwa ya habari hizi hainisifu hata kidogo.

Chama chetu kina watu kumi na wanane: walimu, wenye maduka, fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, muuguzi wa zahanati, na wakulima. Twakutana kila Alhamisi jioni. Kila mtu hutoa mchango wake, na fedha hiyo, pamoja na nguvu za mikono yetu, hutumika kwa kazi ya kuwafaa watu wote, wawe wenzetu ama sivyo. Mwenyekiti hushika kazi tarehe 1 Julai, na tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata huiacha, apende asipende.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Tumeiiga kwa vyama vya Rotary, ambavyo asili yake ni mji wa Chicago katika nchi ya Marekani. Huko, usiku wa tarehe 23 Februari 1905, wakili mmoja, jina lake Paul Harris, aliketi na rafiki zake watatu, mmoja muuza makaa ya mawe, wa pili mjuzi wa mambo ya migodi, wa tatu fundi cherehani, wakaanzisha chama. Wakawa wakikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, kesho katika ofisi ya yule, na kwa sababu ya mzunguko huo wakakiita Rotary. Tena angalieni neno hili: mwenyekiti wa kwanza hakuwa Harris mwenye shauri, bali Silvester Schiele, yule muuza makaa. Harris mwenyewe hakukalia kiti hicho mpaka mwaka 1907. Na katika kazi zao za kwanza kwa ajili ya mji, mojawapo ilikuwa ni kutaka vyoo vijengwe ambavyo watu wote wangeweza kuvitumia. Hawakuona haya kuanza na choo. Hata vyama hivyo vikaenea duniani, vikafika Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949.

Basi nilipochaguliwa, nalifurahi sana, na furaha yangu ilikuwa na kiburi ndani yake. Nalijiambia, "Mwaka ni mfupi. Yanipasa kufanya jambo moja kubwa, ambalo watu wakipita watasema, hili alilifanya fulani." Nikaona mahali panapofaa ni zahanati, maana wagonjwa hungojea nje juani na mvuani. Nikakusudia kujenga banda la kungojea, lenye nguzo za matofali, paa la bati na viti vya saruji. Shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini nisikilizeni: kabla ya msingi kuchimbwa, nalikwenda kwa fundi, nikamwagiza kibao cha bati chenye jina la chama, na mwaka, na chini yake jina langu.

Yule mzee niliyerithi kiti chake alikuwa amenikabidhi daftari. Mwaka wake yeye alikuwa ametengeneza pampu ya mkono katika kisima kilicho karibu na shule, na nyumba nyingi za upande ule zilikuwa zikiteka maji pale. Katika daftari alikuwa ameandika kwa mkono wake ya kuwa mpira wa ndani wa pampu umeanza kulika, yafaa ubadilishwe kabla ya masika. Mimi nalisoma kurasa za hesabu, nikaliweka daftari kabatini. Mzee akaja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza habari za pampu kwa upole. Mara ya pili alisema, "Mwalimu, ule mpira usiusahau." Nikamjibu vizuri kwa kinywa, lakini moyoni nikanena, "Mzee huyu hajaweza kuachana na kiti."

Mwezi wa tatu pampu ikaacha kutoa maji. Nalipata habari, nikasema tutaitazama banda litakapokwisha, kwa kuwa fedha yote nalikuwa nimeielekeza kwenye mabati. Watu wa upande ule wakarudi mtoni, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuuchafua mto.

Asubuhi moja nalikwenda zahanati kuwatazama mafundi. Nguzo zilikuwa zimesimama, nami nalikuwa nikizitazama kwa furaha. Chini ya mti palikuwa na mama mmoja ninayemfahamu, amempakata mtoto wake aliyeshikwa na kuhara, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nikamsalimu, nikampa pole, nikamwambia, "Mama, subira kidogo, hivi karibuni mtakuwa na mahali pa kukaa." Akatazama zile nguzo, akasema bila ya hasira, "Mwalimu, banda hili ni zuri. Lakini kama pampu ingalikuwa ikitoa maji, mimi nisingalikuwa na haja ya kuja kuketi hapa."

Sikuwa na jibu. Mtoto alipewa maji yenye dawa ya chumvi na sukari, akanyweshwa kidogo kidogo kutwa nzima, na baada ya siku nne akapona. Walakini mimi nalijua ya kuwa kama angalikufa, sababu ingalikuwa ndani ya kabati yangu, imeandikwa kwa wino. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nalikuwa nimeuacha ufa wa nyumba ya mwenzangu, nikaenda kujenga ukuta wangu kiwanja cha pili.

Siku ile ile nikamwendea fundi wa baiskeli, ambaye anajua pia mambo ya pampu. Mpira ulinunuliwa kwa shilingi elfu kumi na nane, na kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri. Kumbukeni ya kuwa mabati peke yake yalikuwa yahitaji zaidi ya laki nne. Kisha nikaenda nyumbani kwa yule mzee, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Hata mimi nilipoanza naliacha miti ya yule aliyenitangulia ikakauka."

Alhamisi iliyofuata nikasimama katika mkutano, nikaeleza mambo yote, hata habari ya kibao. Wengine walinyamaza, mmoja aliudhika kweli kweli, akanena ya kuwa michango yake haikuwa ya kununulia mtu jina. Nalivumilia, maana alisema haki. Tukakata shauri ya kuwa banda lingoje, na kwanza tuhakikishe pampu haitaharibika tena kwa kukosa mwangalizi. Tukachagua watu wawili wanaoishi karibu na kisima, mwanamume na mwanamke, fundi akawafundisha kuifungua na kuifunga. Tukanunua spana na mipira miwili ya akiba, tukavitia katika sanduku. Kila nyumba inayoteka pale ikakubali kutoa kitu kidogo kila mwezi, na hesabu yake husomwa mbele ya watu wote. Kazi hii ilituchukua miezi miwili ya maneno mengi, wala haikuonekana kwa macho, maana hakuna mtu apitaye njiani akasema, "Tazama, jinsi watu hawa walivyokubaliana!" Hata hivyo, katika mwaka wangu wote, nadhani ndiyo kazi iliyo bora.

Katika siku zile nalisoma habari za vita vya vyama vya Rotary juu ya ugonjwa wa polio, ule unaolemaza miguu ya watoto, zikanifundisha sana. Mwaka 1979 walianza kuwachanja watoto katika nchi ya Ufilipino. Mwaka 1985 wakaazimia kuusaidia ulimwengu mzima. Mwaka 1988, serikali za dunia zilipojiunga katika kazi hiyo, ugonjwa huo ulikuwa ukilemaza watu kama 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Hata tarehe 25 Agosti 2020, ikatangazwa ya kuwa Afrika imeokoka na polio ya asili. Sasa fikirini: mkuu wa Rotary ya dunia nzima naye hukaa mwaka mmoja tu. Tangu 1979 mpaka 2020 wamepita wakuu zaidi ya arobaini, na hakuna hata mmoja awezaye kusema, "Ni mimi niliyeifanya kazi hii." Kila mmoja aliipokea ikiwa nusu, akaiacha ikiwa nusu, lakini mbele zaidi kidogo.

Tena yaonekana humo jinsi ufa usivyolala. Mwaka 2022 polio ya asili, iliyotoka nchi za mbali, ilionekana tena Malawi, kisha Msumbiji, ikawalazimu watu kuwachanja watoto upya katika nchi hizo na za jirani, pamoja na Tanzania. Kazi iliyokwisha kufanywa ingali yataka mlinzi.

Tena kuna habari ya Sam Owori, mtu wa Uganda. Alikuwa amechaguliwa awe mkuu wa Rotary ya dunia kwa mwaka wa 2018 mpaka 2019. Lakini Julai 2017, kabla ya kukalia kiti, akafariki. Barry Rassin wa visiwa vya Bahamas akachaguliwa kushika mahali pake, na kazi ikaendelea. Nilipoyasoma hayo nalijiuliza, je, mimi ningalikufa mwezi wa pili, nani angalijua mambo ya pampu? Daftari lilikuwemo kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Hata 30 Juni ikafika. Banda lilikuwa na nguzo sita na paa la upande mmoja. Aliyenirithi ni mama mmoja muuza vitenge, mwenye akili nyingi za hesabu. Nakumbuka ya kuwa hata vyama vya Rotary viliwafungia wanawake mlango mpaka mwaka 1989, na kiti cha mkuu wa dunia hakikukaliwa na mwanamke mpaka mwaka 2022, alipokikalia Jennifer Jones wa Kanada. Sisi tulimchagua mama huyu kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisoma hesabu za kisima bila ya kukosea.

Nalimkabidhi daftari, nikaketi naye jioni mbili, tukalisoma pamoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza huko, wasomaji wangu, kuligeuka kuwa sehemu ngumu kuliko zote. Katika mwezi wake wa kwanza alilipunguza banda, akasema upande mmoja watosha, na matofali yaliyobaki yajengewe mahali pa kunawia mikono. Nalichomwa moyoni. Nalitaka kwenda nyumbani kwake nimweleze. Mke wangu akaniuliza, "Je, amekuita?" Nikasema, "Hakuniita." Akasema, "Basi kaa, chai yapoa."

Leo wagonjwa hukaa chini ya lile banda fupi, nao hunawa mikono kabla ya kuingia. Kile kibao cha bati nalikitoa mwenyewe. Fundi amekikunja kuwa kifuniko cha sanduku la vifaa vya pampu, na maandishi yako upande wa ndani.

Ikiwa wewe msomaji umechaguliwa mwaka huu, nakuachia maneno machache. Kwanza, kabla hujaanza jambo lako, nenda ukaitazame kazi ya yule aliyekutangulia, uiguse kwa mkono wako, wala usitosheke kuisoma tu. Pili, akija kwako na neno, usimdhanie kuwa apenda kiti. Yamkini amebeba habari ya ufa. Tatu, uandike kila jambo, na andiko likae mahali ambapo mwingine aweza kulipata usipokuwapo. Nne, ukiisha kutoka, sema neno lako mara moja, kisha ungoje kuitwa. Na usipoitwa, ufurahi, maana huenda ulikabidhi vizuri.

Cheo ni dhamana. Mwenye dhamana hahesabiwi kwa namna alivyoipamba mali ya watu, bali kwa namna alivyoirudisha. Mimi naliirudisha ikiwa na banda nusu, na pampu itoayo maji. Kwa herini.