Pampu ya mafuta ya gari

Pampu ya mafuta ni kifaa kinachovuta mafuta kutoka kwenye tangi la gari na kuyasukuma hadi kwenye injini. Ikichoka, injini hukosa nguvu na mwishowe huzimika. Makala hii inahusu hasa pampu ya umeme ya magari ya petroli.

== Aina ==

Magari ya zamani yenye kabureta hutumia pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, yenye presha ya chini ya bar 1. Magari mengi yenye injekta hutumia pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi, yenye presha ya takriban bar 3 hadi 4. Mota ya pampu hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Kwa hiyo mazoea ya kuendesha gari tangi likiwa karibu tupu huharakisha kuharibika kwake, sawa na uchafu au maji katika mafuta.

== Dalili ==

* Injini huchelewa kuwaka.
* Gari hukosa nguvu likipanda mlima au likibeba mzigo.
* Injini huzimika ikishapata joto, kisha huwaka tena baada ya kupoa.
* Pampu hutoa mlio mkali kutoka upande wa tangi.

== Uchunguzi ==

Dalili hizo zinaweza pia kusababishwa na hitilafu nyingine, hivyo si vema kununua pampu mpya kabla ya kupima.

Ufunguo ukiwashwa bila kupiga stata, katika magari mengi pampu huvuma kwa sekunde 2 hivi. Isiposikika, kwanza hukaguliwa fyuzi na rilei, kisha hupimwa umeme kwenye plagi ya pampu wakati ufunguo unapowashwa. Umeme ukifika na waya wa hasi ukiwa mzima lakini pampu haizunguki, pampu imekufa. Umeme usipofika, kasoro iko kwingine.

Pampu ikivuma, bado inaweza kuwa dhaifu. Hapo hutumiwa geji ya presha, na kipimo hulinganishwa na kile cha kitabu cha gari. Presha ikiwa ndogo, huchunguzwa pia filta na kirekebishi cha presha, kwani filta iliyoziba huleta dalili zilezile.

== Kubadilisha ==

Mvuke wa petroli hulipuka kwa urahisi. Kazi hufanyika mahali penye hewa, mbali na moto, sigara na cheche, kizimamoto kikiwa karibu.

# Fyuzi ya pampu hutolewa, kisha injini huwashwa hadi izimike yenyewe ili kupunguza presha.
# Waya wa hasi wa betri hufunguliwa.
# Kifuniko cha pampu hufikiwa, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma; katika baadhi ya magari ni lazima kushusha tangi.
# Vumbi husafishwa kabla ya kufungua, lisiingie katika tangi.
# Plagi na mipira ya mafuta huchomolewa, na pampu hutolewa taratibu bila kupinda mkono wa boya la geji.
# Pampu mpya hufungwa pamoja na chujio na mpira mpya wa kuzibia.

Baada ya kurudisha betri na fyuzi, ufunguo huwashwa na kuzimwa mara kadhaa ili presha ijae. Viungo vyote hukaguliwa kama vinavuja kabla ya kuwasha injini.