Ganda Jeupe kwa Hita Yako Si Chumvi, Msee!

Msee wa Bongwe, kabla utupe hiyo hita juu ya ganda jeupe, shika rada. Maji ya visima vya Diani hupita kwa jiwe la matumbawe na kubeba kalsiamu. Humo majini, kalsiamu ni ioni: chembe yenye chaji, imepoteza elektroni mbili, inaelea na huioni. Ukichemsha, kaboni dioksidi inatoka, ioni zinashikana na kaboneti na kujipanga safu kwa safu. Hiyo sasa ni kalsiti, madini magumu ya fuwele. Si sumu, lakini inazuia joto kufikia maji, unachoma stima na doo bure. Dawa? Chomoa hita, iloweke kwa maji ya ndimu. Asidi inavunja kalsiti, kalsiamu inarudi kuwa ioni, unamwaga. Simple!